Kazi mradi ianze na swali, si na manila

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie kazi mradi katika shule zetu za Nyanda za Juu Kusini. Tangu mtaala ulioboreshwa uanze kutumika Januari 2024, neno "mradi" limeenea kila shule. Lakini kinachofika darasani mara nyingi ni karatasi ya manila iliyochorwa steshenari usiku wa kuamkia siku ya kukusanya kazi. Mzazi amelipa, mtoto amekariri maelezo, mwalimu ametoa alama. Inauma, kwa sababu kosa lilifanyika mwanzoni kabisa: mwanafunzi alipewa mada badala ya swali.

"Uvunaji wa maji ya mvua" ni mada, na mada inanunulika. "Paa la darasa letu linahitaji mvua ya milimita ngapi kujaza tangi la lita 5,000?" ni swali, na jibu lake haliuzwi dukani. Mvua zetu hunyesha zaidi kati ya Novemba na Aprili, kwa hiyo mradi huu ukianza mwishoni mwa Januari, wiki sita zinatosha: kipindi kimoja cha dakika 40 kila wiki, na dakika tano kila siku saa 3 asubuhi za kusoma kipimo.

Kipima mvua ni chupa ya maji ya lita 1.5 yenye ubavu ulionyooka. Inakatwa chini ya mabega, kile kipande cha juu kinageuzwa kuwa faneli, na rula inabandikwa ubavuni. Kitako cha chupa kina mabonde, hivyo weka kokoto kisha maji mpaka yazifunike. Usawa huo ndio sifuri. Wengi hukosea hapa. Siku ya jua maji hayo hupungua, na yasiporudishwa kwenye sifuri, mvua ya kesho itasomeka ndogo kuliko ilivyonyesha. Mdomo wa chupa uwe sentimita 30 juu ya ardhi ili matone yanayoruka kutoka chini yasiingie, na chupa ikae mbali na mti au ukuta, angalau mara mbili ya kimo cha mti au ukuta huo.

Kisha paa. Wanafunzi wengi hupima urefu wa bati lenyewe, wakati linalotakiwa ni eneo ambalo paa linafunika likitazamwa kutoka juu. Kamba ivutwe chini, sambamba na ukingo wa bati. Paa linalofunika mita 8 kwa 6 ni mita za mraba 48, na milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Ukiondoa asilimia 20 inayopotea kwa kuruka na kuvuja, kila milimita inaleta lita 38.4, na tangi linajaa kwa milimita 130 hivi. Lakini mfereji ukiwa upande mmoja tu wa paa la migongo miwili, inahitajika milimita 260. Mwanafunzi anayegundua hilo kwa macho yake, akitazama upande usio na mfereji ukimwaga maji uani, ameelewa eneo kuliko mazoezi ishirini ya ubaoni.

Darasa la watoto 60 lisiwatishe walimu. Makundi 12 ya watu watano, kila kundi na chupa yake, ndiyo yanayofanya vipimo viaminike: kundi moja likisoma milimita 31 wakati mengine yako kwenye 22, kuna sababu, na kuitafuta ndiyo kazi yenyewe. Mwenye kusoma na mwenye kuandika wabadilishane kila wiki, la sivyo mmoja atafanya yote. Tarakimu zote zikiishia na sifuri au tano, mwalimu ajue zimekisiwa. Jumamosi na Jumapili zikikosa msomaji, kipimo cha Jumatatu kiandikwe kuwa ni cha siku tatu, kisigawanywe kwa kubuni.

Alama nazo zihame. Nusu yake iende kwenye daftari la kila siku, lenye makosa yaliyokatwa kwa mstari mmoja bila kufutwa. Ninawaomba wakuu wa shule na wathibiti ubora, wanapokagua kazi mradi, waombe kwanza daftari hilo, kisha ndipo waangalie manila.

Mwalimu wa sekondari,
Mbeya