Wanenguaji wakipewa maiki

Mhariri,

Siku hizi kwenye harusi na kumbi za hapa Tabora mnenguaji hachezi tu. Anapewa maiki achekeshe, kisha aimbe. Tunaliunga mkono, na wala si jambo geni. Beleski, ile michezo ya jukwaani ya Wazungu ambayo wengi hudhani ni kuvua nguo basi, imepata jina lake kwenye neno la Kiitaliano lenye maana ya mzaha. Kundi la Mwingereza Lydia Thompson lilipotua New York mwaka 1868 lilisifika kwa wanawake walioimba, kucheza na kuzikejeli hadithi maarufu. Kuvua kulikuja baadaye, na hata hapo Gypsy Rose Lee, nyota wa miaka ya 1930, alivuma kwa maneno kuliko kwa alichokivua. Kwetu maneno yanabandikwa juu ya ngoma kama kiraka.

Kinachoharibu kwanza ni pumzi. Aliyekata kiuno dakika tatu akishika maiki, spika zinatoa mhemo tu, na neno la kuchekesha, ambalo hukaa mwisho wa sentensi, ndilo linalomezwa. Basi maneno yatangulie, wimbo ufuate, kiuno kimalizie. Ikilazimu kusema baada ya kucheza, mpiga tumba abaki peke yake nusu dakika huku mnenguaji akizunguka meza za mbele kwa madaha, na kauli yake ya kwanza isizidi maneno matano.

Chukua mchezo wa kanga nne, yaani doti mbili, zikifungwa moja juu ya nyingine juu ya blauzi na skintaiti. Kila kanga ina kisa cha sentensi mbili, na jina la kanga ndilo kichekesho chenyewe. Mnenguaji anasimulia shemeji aliyeahidi ng'ombe kwenye kikao cha harusi akaleta jogoo. Kisha mnenguaji anageuka, maandishi yakae matakoni kama ilivyo desturi. Kimya, sekunde mbili. Anatamka: "Nilikudhani dhahabu kumbe adhabu." Tumba pigo moja. Ndipo kanga idondoke. Ikidondoka huku anasema, macho yanaifuata kanga na jina halisikiki. Wala asitegemee watu wajisomee. Walioketi nyuma hawaoni herufi. Kicheko kikianza kushuka aingie na kisa kinachofuata, asisubiri kife kabisa.

Fundo nalo ni adui. Likilowa jasho halifunguki, na kanga ya kuchomeka tu huanguka kabla ya zamu yake. Shonea vifungo vya kubana viwili, kama vya gauni la mtoto. Mkanda wa kunata (velkro) hufunguka kirahisi lakini mlio wake wa kuchanika unanaswa na maiki. Kanga mpya zifuliwe mara mbili kwanza, maana zikiwa na wanga zinateleza zenyewe kwa zenyewe.

Maiki ya mkononi inamwacha na mkono mmoja, kwa hiyo wakati wa visa ikae kwenye stendi, mahali palipowekwa alama ya chaki, nyuma ya mstari wa spika. Akienda nayo mbele ya spika itapiga mluzi. Ile ya kuvaa sikioni inapendeza, ila shanga na hereni zikiigusa ukumbi mzima unasikia mchakacho.

Kuhusu wimbo, uanzwe kwa noti za chini kidogo kuliko anazoimbia akiwa ameketi, na wakati wa kuimba yacheze mabega tu. Beti mbili na kiitikio cha kufundisha wageni zinatosha. Biti ya kwenye simu haimngoji anayechekesha, kicheko kikirefuka inampita. Kama hakuna mpiga ngoma, ikatwe vipandevipande na dijei apewe ishara.

Utani wa makabila unanoga, Mnyamwezi na Mzaramo wametaniana tangu enzi za misafara, lakini aulize mapema wakwe wameketi meza gani.

Kanga ya nne haivuliwi. Anaishika pindo, anawatazama wanaume wa meza za mbele mpaka waanze kujikohoza, anasoma "Japo sipati, tamaa sikati", na taa zizimwe hapohapo.

Wafundishaji wa vikundi vya ngoma,
Ng'ambo, Tabora