Kwa wanangu wa uchumi mnaoomba utarajali mashirika ya kimataifa

Wanangu,

Hamjambo? Nawaandikia nyinyi mnaosoma uchumi Dar es Salaam, Dodoma, Mzumbe na kwingineko, mlio mwaka wa mwisho au ndio kwanza mmehitimu, na mnaotafuta nafasi ya utarajali, yaani mafunzo ya kazi kwa muda, Benki ya Dunia, Umoja wa Mataifa, Benki ya Maendeleo ya Afrika na mashirika ya aina hiyo. Sehemu kubwa ya maisha yangu ya kazi ilikuwa takwimu za kaya, na humo nilisoma maombi mengi ya vijana. Hata sasa nimestaafu bado mnaniletea barua zenu nizipitie kabla hamjazituma, na nafurahi mnapofanya hivyo. Nimeona niseme nanyi nyote kwa pamoja.

Barua nyingi zinafanana mno. Mwombaji anaanza kwa kusema tangu utotoni ana kiu ya kuona umaskini unatokomea Afrika. Kisha analisifu shirika kwamba ni kubwa na linaheshimika, halafu anajiita mchapakazi anayejituma. Siamini kwamba mnadanganya. Ila anayechuja rundo la maombi hapati hapo neno hata moja la kumtenga huyu na yule. Yeye anataka kujua jambo moja: kijana huyu nikimkabidhi data Jumatatu, Ijumaa ataniletea nini?

Kwa hiyo nendeni na kazi mkononi. Tangu 2008/09 Ofisi ya Taifa ya Takwimu, ikisaidiwa na Benki ya Dunia, imekuwa ikifanya utafiti unaozifuatilia kaya kwa miaka, ukiuliza zimekula nini siku saba zilizopita, zimelima nini, zimeuza nini. Data hizo mwanafunzi yeyote anajisajili mtandaoni na kuzipakua bila kulipa hata senti. Chagua swali dogo linalojibika. Kwa mfano: kaya zinazouza mahindi mara tu baada ya kuvuna, ni ngapi kati yao zinazorudi sokoni kununua mahindi kabla ya mavuno mengine? Andika kurasa nne, weka jedwali moja na grafu moja, na hifadhi maelekezo ya kompyuta uliyotumia mahali ambapo mtu mwingine anaweza kuyarudia na kupata majibu yaleyale. Kama programu ya takwimu ya Stata ni ghali, R na Python zinafanya kazi hiyohiyo na ni bure. Kisha aya ya kwanza ya barua yako iseme hivyo: niliuliza hili, nikakuta hili, na hapa ndipo jibu langu lina udhaifu.

Kwenye kazi hiyo, tumieni mnayoyajua ya nyumbani. Mkulima wa viazi Njombe ukimuuliza amevuna kiasi gani hakutajii kilo. Atakwambia gunia kadhaa. Gunia lipi? Sheria ya vipimo hairuhusu lizidi kilo 100, lakini sote tunaijua lumbesa, gunia lililoongezewa kilemba juu, nalo linalipwa bei ya gunia moja. Mama sokoni anauza nyanya kwa sado na kwa fungu, na fungu la asubuhi si fungu la jioni. Anayegeuza kila gunia kuwa kilo 100 bila kuuliza amekosea mavuno, na aliyekosea mavuno amekosea kipato cha kaya nzima, kisha kosa hilo linapanda hadi kwenye ripoti. Mwenzenu aliyesomea Boston itabidi aelezwe haya. Nyinyi mmekua nayo, na bado sijayaona kwenye barua zenu! Yaandikeni.

Msidharau pia kazi ya udadisi, yaani ya kuwahoji watu na kujaza dodoso. Mnaiona ndogo kwa sababu inafanyika vijijini, na tableti, juani. Michael Kremer, aliyepata Nobeli ya Uchumi 2019 pamoja na Abhijit Banerjee na Esther Duflo, anafahamika sana kwa utafiti wa dawa za minyoo kwenye shule 75 za Busia, Kenya, alioufanya na Edward Miguel. Utafiti wa namna hiyo hausimami bila watu wa kuingia shule kwa shule na kuandika sawasawa walichokiona. Msimu mmoja wa udadisi, wa sensa, wa ofisi ya takwimu au wa taasisi za utafiti kama REPOA, utakupa la kusema kwenye usaili.

Sasa pesa, maana hapa vijana huumia. Utarajali wa Sekretarieti ya Umoja wa Mataifa haulipwi. Nauli, visa, pango na chakula ni juu yako. Mwaka 2015 kijana mmoja wa New Zealand aliyekuwa mtarajali huko Geneva alikutwa akilala kwenye hema, na dunia nzima ikasikia. UNICEF na WHO hutoa posho, na Benki ya Dunia huwalipa watarajali wake. Soma tangazo hadi mwisho kabla ya kumwambia mzazi auze shamba. Kuna ofisi kubwa za Umoja wa Mataifa Nairobi, unakofika kwa basi, na Tume ya Uchumi ya Afrika iko Addis Ababa. Benki ya Maendeleo ya Afrika iko Abidjan, na huko Kifaransa kitakufaa. Angalia na sharti la muda: Umoja wa Mataifa huchukua walio mwaka wa mwisho wa shahada ya kwanza, walio shahada za juu, na waliohitimu ndani ya mwaka mmoja. Usikae nyumbani ukingoja mwaka huo uishe.

Na ukiombwa ada ya usajili, ya mafunzo au ya kuharakisha fomu, huo ni utapeli. Umoja wa Mataifa hautozi ada katika hatua yoyote ya ajira.

Kuhusu wadhamini: usilitaje jina la mwalimu kabla hujazungumza naye. Mwendee wiki tatu kabla ya tarehe ya mwisho, na umpe tangazo lenyewe, wasifu wako na zile kurasa nne. Akizisoma atakuwa na kitu cha kuandika juu yako zaidi ya kwamba ulihudhuria vipindi. Walio karibu na Morogoro, nileteeni nami nizisome kwanza.

Mzee wenu,
mtakwimu mstaafu, Morogoro