Nafasi ndogo kwa bibi yangu

Mhariri,

Kila Oktoba 20, Siku ya Mashujaa, tunamtaja Mekatilili wa Menza, aliyewaongoza Wagiriama kuwapinga Waingereza mwaka wa 1913. Ni haki yake. Leo naomba nafasi kwa bibi yangu wa Likoni, ambaye jeshi lake lilikuwa wajukuu wanane, wengi wetu wavivu.

Saa kumi alfajiri tulimsikia akikuna nazi kwa mbuzi. Tui jepesi lilichemshia mbaazi, zito likangoja mwisho. Hiliki za mahamri alizitwanga mwenyewe, hakumwamini mtu. Pesa alizifunga kwenye pindo la leso. Mwaka niliofukuzwa shule kwa karo, alikwenda ofisini kwa mwalimu mkuu, akafungua fundo na kumwaga sarafu mezani. "Hesabu, mwalimu." Akasimama hadi ya mwisho.

Babu alipofariki hatukumwona akilia. Kesho yake aliongeza unga kilo mbili.

Siku hizi magoti yamemgomea. Ukimletea hamri la kununua, atalipasua, atalinusa, kisha atakusukumia sahani kimya kimya.

Mjukuu,
Likoni, Mombasa