Barua ya wazi kwa Mjomba anayesita kwenda Doha

Mjomba,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima huko Machame, wewe na nyumba yako yote. Nimeambiwa kwamba binti yako anakusihi uende ukamtembelee Doha, mji mkuu wa Qatar, anakofanya kazi, nawe umemjibu kuwa huoni sababu ya mzee mwenye migomba yake na maji yake kupanda ndege kwenda kutazama mchanga. Nakujibu hadharani kwa kuwa wazazi wengi wa Moshi na Arusha wenye watoto Ghuba wanatoa jibu hilohilo, na kwa kuwa mimi mji huo nimeutembelea, nami nauona unakufaa wewe kuliko vijana wanaokwenda kupiga picha chini ya maghorofa.

Nasema hivyo kwa sababu ya maji. Wewe umekaa miaka kwenye kamati ya mfongo, ule mfereji wetu wa kugawana maji ya mlimani, umeamua ugomvi wa zamu, na unajua kwamba kijiji husimama au huanguka kwa namna kinavyogawana maji. Sasa fikiria nchi isiyo na mto hata mmoja unaotiririka mwaka mzima, ambayo mvua yake kwa kawaida haifiki milimita 100 kwa mwaka, na ambayo kilima chake kirefu kuliko vyote kina kama mita 103 tu, kwa hiyo hakuna mlima wa kukamata mawingu. Wenyeji wa zamani waliishi kwa visima, lakini visima visingeweza kuubeba mji wa leo. Maji ya bombani ya Doha, karibu yote, ni maji ya bahari yaliyoondolewa chumvi katika mitambo mikubwa iliyoko pwani: mingine huyachemsha na kuukusanya mvuke, mingine huyasukuma kwa nguvu kupitia utando mwembamba unaozuia chumvi. Kazi hiyo hula nishati nyingi mno, na wanaimudu kwa sababu chini ya bahari yao, upande wa kaskazini, kuna hazina ya gesi iliyogunduliwa mwaka 1971, mwaka uleule walipopata uhuru, ambayo wanaichangia na Irani. Pamoja na utajiri huo wamejenga matangi ya zege ya ukubwa wa kutisha ili kuweka akiba, maana mitambo ikizimika hakuna chemchemi ya kukimbilia.

Ukifika, usidanganywe na kijani utakachokiona kando ya barabara. Inama uangalie kwenye shina la mti: utakuta mpira mweusi umelazwa juu ya mchanga, una vitundu, na kila kitundu kinadondosha tone baada ya tone. Sehemu kubwa ya maji hayo ni maji taka yaliyosafishwa. Mpira ukiondolewa, bustani yote hukauka. Najua utasimama hapo kwa muda mrefu, na binti yako atachoka kukusubiri.

Kabla ya mafuta, Doha ulikuwa mji wa wazamiaji wa lulu. Katika miaka ya 1930 lulu za kufugwa kutoka Japani zilijaa sokoni, wakati huohuo uchumi wa dunia ulikuwa umeporomoka, na bei ikaanguka kiasi cha kuwatia watu njaa; wewe uliyeona kahawa ikikosa bei hadi watu wakang'oa mibuni huhitaji kuelezwa zaidi. Mafuta yaligunduliwa huko Dukhan karibu na mwaka 1940, yakaanza kuuzwa nje mwaka 1949, na mengine yote unayoyaona yamejengwa ndani ya umri wa mtu mmoja.

Lakini nani walizamia lulu hizo? Hapa ndipo ninapokuomba usikubali kupelekwa kwanza kwenye maduka. Shuka stesheni ya Msheireb, uulize nyumba iitwayo Bin Jelmood. Ni nyumba ya zamani iliyokuwa ya mfanyabiashara wa watumwa, na tangu mwaka 2015 ni makumbusho ya utumwa katika Bahari ya Hindi. Pwani yetu imo mle ndani: watu waliotolewa bara wakavushwa kwa majahazi, wakaishia kuzamia lulu, kulima mitende na kutumika majumbani mwa watu. Utumwa ulipigwa marufuku Qatar mwaka 1952, ambao kwa hesabu yangu haupishani sana na miaka ya utoto wako. Nimeona makumbusho mengi yanayoupaka utajiri wa nchi rangi nzuri, na sikutarajia kukuta katika mji wa aina hii nyumba inayolitaja jambo hilo kwa jina lake. Misafara ya watumwa ya Pangani ilifika mpaka hapa kwetu mlimani, kwa hiyo habari ile si ya watu wengine.

Ukitoka mle, mtaa utauona kwa jicho jingine. Raia wa Qatar ni kama mtu mmoja tu kati ya kila kumi wanaoishi nchini. Waliobaki ni wageni waliofuata kazi, Wahindi, Wanepali, Wabangladeshi, Wafilipino, na sasa Waafrika Mashariki wengi, hata huenda mlinzi wa mlangoni akakujibu kwa Kiswahili. Sheria imebadilika: tangu mwaka 2020 mfanyakazi anaruhusiwa kuhama mwajiri bila kibali cha yule wa kwanza, mwaka uliofuata kikawekwa kima cha chini cha mshahara cha riyali 1,000 kwa mwezi, na kuanzia tarehe 1 Juni hadi 15 Septemba ni marufuku kufanya kazi juani kati ya saa nne asubuhi na saa tisa na nusu alasiri. Malalamiko ya mishahara kucheleweshwa hayajakwisha, na sitaki nikufiche. Ndiyo sababu mojawapo ya mzazi kwenda: umwulize binti yako maswali ambayo kwenye simu huyajibu kwa kucheka.

Mengine nitayapitia haraka. Makumbusho ya Sanaa ya Kiislamu, yaliyofunguliwa mwaka 2008, yamekaa juu ya kisiwa cha kutengenezwa ufukweni. Msanifu wake, I. M. Pei, alichukua wazo lake kutoka jengo dogo la kutawadhia lililo katikati ya ua wa msikiti wa Ibn Tulun, Kairo, na mimi niliona inafaa kwamba jengo zuri kuliko yote katika mji wenye kiu limezaliwa na mahali pa maji. Treni za chini ya ardhi, zilizoanza mwaka 2019, hazina dereva, na nauli ya kawaida ni riyali 2. Katika soko la Souq Waqif utaona ndege aina ya kozi wa kuwindia, wamevishwa vikofia vya ngozi vinavyowafunika macho, wametulia kwenye vigingi vyao, na hospitali yao wenyewe iko hapohapo. Mahamali wa soko hilo huvaa vizibao vya rangi ya damu ya mzee na husukuma matoroli. Wengi wao ni watu wazima sana, na ukiwapa salamu hufurahi.

Nenda Januari, watoto wako wengine wakishamaliza sikukuu na kurudi Dar es Salaam. Wakati huo jioni za Doha zina baridi nyepesi, hivyo beba sweta. Kati ya Juni na Agosti joto hupita nyuzi 40, na ni kwa sababu hiyo hata Kombe la Dunia la mwaka 2022 lilichezwa Novemba na Desemba. Saa hutabadilisha, kwa kuwa saa yao na yetu ni moja. Viza mwachie binti yako. Mbege na kitimoto, yaani pombe na nyama ya nguruwe, viache nyumbani kabisa, kwa maana forodha yao haina mzaha katika hayo mawili. Kahawa uliyoikaanga mwenyewe hairudishwi na mtu, na binti yako ameniagiza nikuambie kwamba kilo mbili hazitamtosha.

Ni mimi mpwa wako,
Moshi mjini