Daraja la Darajani liko wapi?

Ndugu Mhariri,

Juzi tukiwa kwenye daladala hapa mjini Unguja mjukuu wangu aliniuliza, "Bibi, Darajani daraja lenyewe liko wapi?" Abiria wakacheka. Mimi nikakosa jibu la haraka. Nitamwambiaje mtoto wa miaka saba kwamba pale palikuwa na maji, kwamba Ng'ambo iliitwa Ng'ambo kwa sababu ilikuwa ng'ambo ya Pwani Ndogo, ule mkono wa bahari ulioingia mjini, na kwamba ukitoka Mji Mkongwe kwenda kwa jamaa zako ulivuka? Marehemu mama alikuwa akituhadithia bamvua likiingia kutokea Funguni na maji yakasogea mpaka karibu na soko, lile lililojengwa 1904. Yalifukiwa kidogo kidogo, na miaka ya 1950 kazi ikamalizika. Tumebakiwa na majina.

Ila hayakwisha yote. Kwetu Gulioni, upande wa Bwawani, bado kuna maji na matete, na alfajiri wapo yangeyange. Ndiyo yaliyonifanya nishike kalamu.

Mimi ni mwalimu mstaafu wa skuli. Mwaka juzi nilifiwa na mume. Nikakaa eda miezi minne na siku kumi, nikatoka, watu wakanipa pole wakarudi kwenye shughuli zao. Usingizi haukurudi. Chakula nikakiona kama mchanga. Wanangu walidhani ni uzee, jirani mmoja akanong'ona kuwa nimerogwa. Daktari aliyeniona ndiye aliyelitaja jina lake: sonona. Akanipa vidonge, na akanambia kila asubuhi nitembee, nikae mahali pa wazi, pakiwa na maji ndiyo bora.

Nikamwambia daktari, sisi wazee tunakuita huko kupunga upepo. Mababu walikuwa na kupunga pepo pia, na hayo mawili yametengana kwa herufi moja tu. Alicheka. Lakini mimi sikuwa na mzaha: mtu aliyelemewa moyo lazima apungwe na kitu, na upepo ni bei rahisi.

Basi nikaanza kutafuta pa kukaa. Bustani ya Forodhani ni pazuri, sina ubishi, na tangu ilipofanyiwa matengenezo na kufunguliwa tena 2009 imependeza zaidi. Lakini kutoka kwangu kwenda na kurudi kwa miguu, kwa magoti haya, naifika nimeshachoka. Jioni ndiyo kabisa: moshi wa mishikaki, wageni na kamera zao, kila hatua mtu anakuuliza utakula nini. Aliyelemewa hataki kuulizwa atakula nini.

Wanaume wana vibaraza vyao. Wanakunywa kahawa, wanacheza bao, wanabishana mpira na siasa, na naamini kibaraza kimewaponya wengi bila wao kujua. Mwanamke wa Gulioni akitaka kukaa nje peke yake, akinyamaza, akiangalia mbele, atakaa wapi? Ataulizwa anamsubiri nani.

Ndipo nikagundua Bwawani. Baada ya Sala ya Alfajiri navaa buibui langu, navuka barabara kabla bodaboda hazijachangamka, nakaa kwenye jiwe chini ya mkungu. Siku za mwanzo nilikuwa nikihesabu yangeyange ili nisihesabu mengine. Wiki ya tatu au ya nne nikajikuta nimerudi nyumbani na njaa. Nikala mkate wa kumimina mzima. Sisemi maji yaliniponya. Vidonge nilimeza na bado nakwenda kliniki. Nasema vilisaidiana.

Sasa karaha yake. Pale pana chupa za plastiki, nepi na mabaki ya samaki, na mvua ya masika ikinyesha mitaro inaleta mengine. Mbu ni wengi na harufu siku nyengine hairuhusu kukaa. Mwezi uliopita gari lilikuja likamwaga kifusi ukingoni, likaondoka. Wiki iliyofuata likaja tena. Naijua safari hiyo inakoishia, mama alishanihadithia. Na siyo suala la nafsi yangu tu: maji ya mvua yakinyimwa bwawa yatatafuta vyumba vyetu.

Mtoto wa dada yangu alinionyesha kwenye simu kijito cha Cheonggyecheon kule Seoul, Korea Kusini. Kilikuwa kimefukiwa chini ya zege na barabara ya juu. Wenyewe wakaibomoa barabara, na 2005 watu wakaanza kushuka kukaa kando ya maji. Sisemi tubomoe Barabara ya Benjamin Mkapa inayopita pale palipofukiwa, wachuuzi wa Darajani watanipiga mawe. Wenzetu wamegharimika kufukua. Sisi tunaombwa tu tusifukie.

Kwa wanaohusika na mji: kifusi kikomeshwe, na midomo ya mitaro iwekwe nyavu zitakazosafishwa kweli. Pandeni mikungu na mivinje, matete muyaache. Wekeni mabenchi machache yanayoangalia maji na kuipa mgongo barabara, ili mwanamke akae asitazamwe usoni na kila apitaye. Taa, na choo. Tafadhali msituletee vigae vinavyoteleza wala ukuta, na msigawe ukingo wote kwa vibanda vya chipsi.

Mtasema kuna hospitali, kuna barabara, bajeti haitoshi. Sawa. Lakini kwetu mtu huachwa mpaka avue nguo sokoni ndipo watu wakumbuke njia ya Kidongo Chekundu, hospitali ya wagonjwa wa akili. Kabla ya hapo kuna miezi mingi ya kukaa chumbani na dirisha limefungwa. Mimi nimeikaa, naijua ilivyo.

Mhandisi yeyote anayetaka kupaona asisumbuke kuniandikia. Nipo pale kila siku mpaka saa moja na nusu, chini ya mkungu, na chupa ya chai ya tangawizi ninayo. Jiwe nitampisha.

Mwalimu mstaafu,
Gulioni, Unguja