Mnara unalia ila hakuna anayesikiliza

Mhariri, naomba kanafasi kwenye gazeti lako. Mi ni fundi wa minara ya simu huku Morogoro, mwaka wa tisa sasa, na nimechoka kusikia kila mtandao ukikata watu wanasema mafundi wamelala. Wakati mwingine ni kweli tumelala ila mnara wenyewe unakuwa ushapiga kelele kitambo.

Ngoja nieleze maana wengi hawajui. Mnara haufi ghafla. Umeme ukikatika unatuma alamu (taarifa ya hitilafu) pale pale kwenye skrini ya chumba cha uangalizi, jenereta ikigoma kuwaka inakuja nyingine, betri zikianza kushuka nyingine tena, na betri zile za volti 48 zikifika kama 43 hivi mfumo unakata wenyewe ili zisife kabisa, hapo ndo simu yako inaandika hakuna mtandao. Kati ya alamu ya kwanza na hiyo ya mwisho unaweza kuwa na masaa kadhaa, muda unamtosha fundi kufika na dumu la dizeli. Sasa kwa nini hafiki?

Kwa sababu alamu ni nyingi mno, na nyingi ni za uongo au za zamani. Mnara wetu mmoja sensa ya mlango, kile kifaa kinachohisi mlango ukifunguliwa, iliharibika, ukawa unasema "mlango wazi" usiku na mchana kwa miezi minane. Mwanzoni nilienda mara mbili, nikakuta kufuli lipo, nikaripoti sensa ibadilishwe, nikaambiwa hiyo ni alamu ndogo subiri bajeti. Basi tukaizoea. Siku wezi walipofungua mlango kweli wakabeba betri zote, skrini ilisema kilekile ilichokuwa inasema miezi yote minane. Alamu ya betri kuchomolewa nayo ilikuja, mstari mmoja, saa nane usiku, ikafunikwa na mistari mia na kitu mingine yote myekundu, na kijana wa zamu yuko peke yake anaangalia mikoa mitatu.

Asubuhi umeme ukakatika, mnara ukazima hapo hapo, jenereta pale hatuna. Kumbe minara mingine sita inapokea mawasiliano kupitia huo kwa maikrowevu, yaani mawimbi ya redio ya mnara kwa mnara, nayo ikaanza kulia yote kwa pamoja kwamba haipati signo. Mfumo wetu haujasetiwa kuonesha nani baba na nani watoto, kwa hiyo nikatumwa kwenye mnara wa mwisho kabisa kule milimani, masaa matatu kwa pikipiki na mvua juu, nafika nakuta taa zinawaka, mashine nzima, mlinzi anakunywa chai! Siku hiyo mawakala wa pesa wa vijiji saba hawakufanya muamala hata mmoja mpaka jioni.

Na sio sisi tu. Desemba 6, 2018 kule Uingereza watu zaidi ya milioni 30 wanaotumia mtandao wa simu wa O2 walikaa karibu siku nzima bila data, na mtandao wa SoftBank wa Japani nao ukaanguka siku hiyo hiyo, kisa cheti cha programu (kibali cha kidijitali kinachoiruhusu ifanye kazi) kwenye mitambo ya kampuni ya Ericsson kimeisha muda wake. Tarehe ya cheti kuisha inakuwa imeandikwa humo humo ndani toka siku ya kwanza.

ITU, shirika la mawasiliano la Umoja wa Mataifa, walishaweka utaratibu wa kupanga alamu kwa uzito, kuna ya hatari, kubwa, ndogo na onyo, sio jambo geni. Kwetu karibu kila kitu kimeachwa chekundu kama mashine ilivyotoka kiwandani. Mi naona TCRA, mamlaka inayosimamia mawasiliano nchini, wanapopima ubora wa huduma wasiishie kuhesabu simu zilizokatika, waombe na orodha ya alamu zilizokaa zaidi ya mwezi bila kushughulikiwa, waulize moja moja kwa nini ipo. Na mabosi wetu waache kutupima kwa idadi ya tiketi (kazi tulizopewa za kurekebisha hitilafu) tulizofunga, maana mtu anafunga tiketi alamu bado inalia, nimewahi kufanya hivyo mwenyewe.

Ile sensa ya mlango imeshabadilishwa, bei yake haifiki mafuta ya pikipiki niliyochoma siku ile. Ila mnara wa jirani yake una alamu ya joto tangu Februari, AC imekufa, na naandika hii barua bado ipo.

Fundi wa minara,
Morogoro