Mfongo nao uingie kwenye Dira 2050

Mhariri, naomba nafasi kwenye gazeti lako. Tangu Dira ya Taifa ya Maendeleo 2050 izinduliwe Julai 2025, kila kikao huku Moshi ni wawekezaji, sekta binafsi, uchumi wa dola trilioni 1, na mimi sipingi watu kutajirika kabisa, ila sijasikia hata kiongozi mmoja akitaja mfongo, yaani mfereji wetu wa asili wa kumwagilia mashamba.

Sisi wa Uru tunajua mfongo unavyoenda. Asubuhi ya zamu yako unapanda na jembe mpaka pale unapochepuka, unaziba njia ya jirani kwa mawe, udongo na majani ya mgomba, maji yanageuka yanaingia kihambani kwako, yaani shamba la nyumbani, yanapita kwenye migomba, kahawa, magimbi, na muda ukiisha unazibua mwenyewe, hakuna wa kukusimamia. Banio la kuchepushia maji likibomoka masika unaitwa msaragambo, kazi ya pamoja, asiyetokea anapigwa faini, zamani ilikuwa mbege, pombe ya ndizi, siku hizi ni hela. Hapo hakuna mita wala kampuni, na mifongo mingine ilikuwepo kabla Mjerumani hajafika. Kwangu mimi hiyo ni sera ya uchumi tosha: maji hayauzwi, yanagawanywa, na haki yako ya kuyapata unaijenga kwa jasho lako.

Kuna watu watasema hayo ni ya kizamani, nchi haiendeshwi hivyo. Hebu waangalie Bolivia. Serikali yao ilikabidhi maji ya mji wa Cochabamba kwa kampuni ambayo Bechtel ya Marekani ilikuwa na hisa ndani yake, mwanzoni mwa 2000 bili zikapanda vibaya, tena sheria mpya ikawa inatishia mpaka visima na mifereji ambayo wananchi walijichimbia wenyewe. Sasa wakulima wa umwagiliaji, watu wenye zamu zao za maji kama sisi, ndo waliungana na wa mjini wakafunga barabara mpaka Aprili mkataba ukavunjwa! Na hawakurudi kulala, 2004 wakapata sheria ya umwagiliaji inayotambua desturi zao za kugawana maji, halafu katiba ya 2009 ikakataza maji kubinafsishwa na ikaweka suma qamaña ya Waaymara, wenyeji wa asili wa huko, yaani kuishi vizuri, kuwa moja ya misingi ya taifa. Jirani zao Ecuador walishafanya la kwao 2008, wakaipa mazingira haki zake kwenye katiba.

Sio kwamba Bolivia mambo yote shwari. 2011 serikali hiyohiyo ya Rais Evo Morales, naye ni Muaymara, ilitaka kupitisha barabara katikati ya TIPNIS, hifadhi wanayoishi wenyeji, walipoandamana polisi wakawapiga. Kwa hiyo hata mwenyeji mwenzako akishika madaraka bado inabidi umfuatilie.

Hilo sisi wa Kilimanjaro tunalijua vizuri. Tulikuwa na KNCU, chama chetu kikuu cha ushirika, tangu 1933, mkulima anauza kahawa kupitia chama chake, 1976 serikali ya Ujamaa yenyewe ikavifuta vyama vya ushirika, vikarudi miaka ya 80 vimechoka, soko huria la miaka ya 90 likavikuta hivyohivyo na wanunuzi binafsi wakajipitia. Na maji ya Dar nayo yalipewa kampuni binafsi ya City Water 2003, 2005 serikali ikauvunja mkataba.

Ila tusijidanganye, desturi yetu ina kasoro kubwa na inaniuma. Mwanamke ndo anamwagilia, ndo anajua mgomba upi umekauka, lakini vikao vya mfongo vilikuwa vya wanaume tu na kihamba kilirithiwa na mtoto wa kiume. Hiyo sehemu hatuitaki kwenye Dira yoyote.

Ninachoomba sio kikubwa. Sheria yetu ya maji ya 2009 inatutaka tuwe na vibali na ada juu, basi mifongo yetu isajiliwe mara moja tu, iwe imetosha, kama Wabolivia walivyofanyiwa, halmashauri itupe saruji ya banio, kazi tutafanya wenyewe, na kamati ya mfongo iwe na akina mama wa kutosha sio mmoja wa kuandika mahudhurio. Mkutano wa kijiji wa kupanga bajeti ukiitishwa, akina mama wenzangu twendeni wote, na mfongo uwekwe ajenda ya kwanza, usiachiwe kwenye mengineyo saa ambayo watu wameshaanza kuondoka.

Mama mkulima,
Uru, Moshi Vijijini